Vizibo vya Soda na Mahudhurio ya Darasa la Awali

Tangu ada ifutwe Tanzania mwaka 2016, rejesta za darasa la awali zimejaa majina. Kuandikishwa si tatizo tena kama zamani. Kazi iliyobaki ni kumfanya mtoto aliyeandikishwa aje leo, na kesho aje tena. Mimi nafundisha watoto wa miaka mitano na sita katika bonde la Kilombero, na naamini kabisa kwamba zawadi ndogo inawavuta, mradi itolewe siku ileile mtoto alipofika.

Mtoto wa umri huo hajui muhula ni nini. Ukimwahidi mwezi Januari kwamba asiyekosa hata siku moja atapata begi mwezi Juni, hajaelewa. Halafu akiugua malaria wiki ya pili, begi limeshamponyoka na hana sababu ya kuharakia kengele. Begi hilo mwishowe huchukuliwa na yule ambaye angefika hata bila kupewa kitu.

Natumia vizibo vya soda. Kila mtoto ana kopo lenye alama yake, jogoo, samaki au jembe, maana kusoma jina bado. Akishaniamkia asubuhi anachukua kizibo na kukidondosha koponi, na ule mlio wa bati wanaupenda sana. Ijumaa tunamwaga tunahesabu, somo la kuhesabu linapita humo humo. Vikifika vitano, mwenye kopo anachagua kazi: kugawa vikombe vya uji, kufuta ubao, kupiga kengele. Kengele ndiyo inayogombewa. Nimemwona mtoto akimkokota bibi yake barabarani, "Bibi twende, leo napiga mimi!" Aliyekosa siku mbili hapotezi vizibo vyake, anaendelea kujaza wiki inayofuata.

Pipi siziweki darasani. Zinaharibu meno, na siku zikiisha watoto wanaulizia pipi badala ya kuulizia somo. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye nyota wakichora, baadaye walipoachwa wenyewe walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Ndiyo maana muhula wa pili, mazoea yakishaingia, vizibo nawaachia vya kuhesabia tu na kazi zinagawiwa kwa zamu.

Mtoto aliyerudi baada ya kupotea wiki nzima asiulizwe mbele ya wenzake alikuwa wapi. Apokelewe, apigiwe makofi, adondoshe kizibo chake. Utoro wa mtoto wa miaka mitano ni uamuzi wa mtu mzima, na huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Huku kwetu mazungumzo hayo huja mpunga unapoanza kukomaa. Familia zinahamia shambani, mtoto anakaa kwenye dungu kuamia ndege. Kizibo hakitashinda hapo, kwa sababu mpunga ule ndio chakula cha mwaka. Namwendea mzazi mwenyewe, kwa heshima, tunatafuta nani mwingine anaweza kushika zamu ya asubuhi, hata kama ni kwa siku tatu za wiki. Nikiachana naye namwambia jambo jema la mtoto wake: "Mama, juzi amehesabu mpaka kumi na tano bila kusaidiwa." Mzazi naye anahitaji kusikia hivyo.

Mengine ni ya mwili. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi za Busia, Kenya, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba kuwapa wanafunzi dawa za minyoo kulipunguza utoro kwa robo. Siku ya dawa shuleni kwenu, hakikisheni kila mzazi amepata taarifa mapema. Na uji usikosekane. Mtoto mwenye njaa hata kengele haitamani.

Kwa mzazi ambaye shule ya mwanawe haina utaratibu wowote, bandika kalenda ukutani mahali anapofika kwa mkono. Akirudi shule apake rangi siku yake mwenyewe, kabla hajavua sare. Jumamosi akae nawe jikoni asukume chapati ya kwanza, au aende na baba gengeni achague tunda. Baiskeli msimwahidi.