Maswali na Majibu: Mwandishi wa habari mzoefu ajifunze nini tena?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwandishi wa redio moja ya hapa Lubumbashi na ninaishi Kampemba. Nilimaliza lisansi ya mawasiliano katika mfumo wa zamani, kisha nikaingia kazini. Tangu wakati huo nimehudhuria warsha nyingi, za uchaguzi, za afya na za mazingira. Vyeti ninavyo, lakini sioni kama kazi yangu imebadilika. Sasa nataka kujiendeleza kwa kweli. Je, nitafute shahada ya uzamili, hata nje ya nchi, au mafunzo ya ufundi ya muda mfupi yanatosha?
Msomaji wa Kampemba

JIBU: Ndugu yetu, umekwisha kuonyesha mwenyewe tatizo liko wapi. Warsha ya siku mbili hotelini, ambamo mkufunzi anazungumza, washiriki wanaandika, posho inagawiwa na cheti kinatolewa kabla mtu hajaandaa hata habari moja, haiwezi kugeuza kazi ya mtu aliyezoea studio kwa miaka. Anayeanza hufaidika kwa kusikiliza. Mzoefu hufaidika pale anapofanya kazi yake mwenyewe, mhariri asiyemwonea haya akaipitia mstari kwa mstari, naye akairudia mpaka ikasimama. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la shule, uliza kwanza utatoka na kazi gani iliyotangazwa, na nani atakayekuwa akiisoma baada ya siku za darasani kwisha. Mafunzo yasiyo na jibu la maswali hayo yaache, hata kama posho yake ni nono.

Jambo la pili ni kuchagua uwanja. Hapa kwetu, redio za Lubumbashi na Kolwezi hazikosi habari za migodi, ila nyingi kati yake ni maneno ya mkubwa fulani aliyetembelea kiwanda. Tazama mwandishi aliyefunzwa vizuri anavyoweza kuishika habari hiyohiyo. Sheria ya Migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaitoza kampuni mrabaha kulingana na thamani ya madini inayouza: asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa kobalti, ambayo mwaka huohuo wa 2018 ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati. Mrabaha huo hugawanywa, asilimia 50 zikienda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa komini, sekta au sheferi ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Basi kampuni ikitangaza kuwa imeuza kobalti ya dola milioni 100, mrabaha ni milioni 10, na utawala wa mahali hapo unastahili milioni 1.5. Mwandishi huyo atakwenda na hesabu yake mpaka ofisi ya chifu au ya mkuu wa komini, ataomba kuonyeshwa kilichopokelewa, atalinganisha na ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika mapato ya madini ambao Kongo inashiriki, kisha ataingia shuleni na kwenye kituo cha afya kuona fedha zimefanya nini. Tofauti ikijitokeza, hatakikimbilia kipaza sauti papo hapo, kwa sababu anajua kuwa malipo ya Desemba huweza kuandikwa katika hesabu za mwaka unaofuata, na kwamba kampuni inapaswa kuulizwa na kupewa muda wa kujibu.

Uangalifu wa namna hiyo hujengwa kwa miezi, mtu akiwa na habari yake mkononi. Hujengwa pia kwa kujua milango ilipo. Kadasta ya migodi, yaani ofisi ya serikali inayotunza daftari la vibali vya kuchimba, huonyesha nani anashikilia kibali gani na kinakwisha lini. Sajili ya biashara, ile tunayoiita RCCM tangu Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, humtaja anayeiongoza kampuni. Iko pia amri ya serikali ya tarehe 20 Mei 2011 inayotaka mikataba ya maliasili itangazwe ndani ya siku 60. Wapo waandishi hodari wa mji huu ambao hawajawahi kuitumia hata mara moja, na sababu si uvivu. Hakuna aliyewahi kuketi nao akawaonyesha.

Sasa tuje kwenye uzamili. Ufuate ikiwa unataka kufundisha, kuongoza chombo kikubwa au kuingia katika utafiti. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha sayansi za habari na mawasiliano, na Kinshasa iko UNISIC, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la IFASIC. Katika Afrika inayotumia Kifaransa, CESTI ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1965, na ESSTIC ya Yaoundé zimelea vizazi vya waandishi. Huko Ufaransa iko ESJ ya Lille, iliyopo tangu 1924. Kama Kiingereza hakikusumbui, Chuo Kikuu cha Zambia kiko Lusaka, mji ulio karibu nasi kuliko Kinshasa, na unaufikia kwa barabara kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Nairobi kuna shule ya uzamili ya habari na mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Tunasisitiza Kiingereza kwa sababu hati nyingi za kampuni za migodi zilizoandikishwa katika masoko ya hisa ya London, Toronto au Hong Kong hazipatikani kwa Kifaransa, na asiyezisoma hubaki akingoja muhtasari wa watu wengine.

Kuhusu lisansi yako, usikubali ishushwe bila kujieleza. Katika mfumo wa zamani, gradua ilichukua miaka mitatu na lisansi miwili, jumla mitano. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ulioingizwa katika sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, lisansi ni ya miaka mitatu tu. Ofisi ya udahili ya nje ikiona neno moja tu juu ya hati, inaweza kukuhesabia mitatu badala ya mitano. Ambatanisha matokeo ya kila mwaka, pamoja na barua ya chuo inayoeleza muda wa masomo.

Lakini kwa jinsi ulivyoeleza haja yako, maoni yetu ni kwamba uanze na mafunzo ya ufundi ya miezi kadhaa yenye mhariri mlezi. Mashirika kama CFI la Ufaransa na DW Akademie ya Ujerumani huendesha programu za aina hiyo barani Afrika, na mtandao wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi, GIJN, unaweka miongozo yake bure kwenye intaneti, hata kwa Kifaransa. Wanaochagua washiriki kwa kawaida hutaka kuona kazi ulizokwisha kutangaza, wazo moja la habari lililoelezwa kwa ufupi, na barua ya mkuu wako inayokuruhusu. Wazo ndilo linaloangusha wengi. "Nataka kuchunguza migodi" si wazo. "Sheferi fulani ilistahili kiasi fulani mwaka fulani, na kituo chake cha afya hakina maji" ni wazo.

Popote utakapokwenda, dai somo la sheria, na liwe la sheria iliyopo leo. Sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ya tarehe 22 Juni 1996 ilikwisha kuachia nafasi yake ile ya tarehe 13 Machi 2023, na siku hiyohiyo ilitiwa saini pia Sheria ya Mambo ya Kidijitali, inayomgusa kila mmoja wetu anayepandisha habari kwenye simu. Kumkashifu mtu bado ni kosa la jinai katika nchi yetu. Mkufunzi anayekuja na karatasi za mwaka 1996 anakupeleka mahakamani bila kujua.

SWALI: Mimi ni fundi wa sauti Likasi. Kila mara mafunzo yanapokuja huitwa waandishi, sisi tunaambiwa tubaki na mitambo. Je, hakuna mafunzo ya juu kwa ajili yetu?
Fundi wa Likasi

JIBU: Yapo, na kukuacha nyuma ni hasara kwa redio nzima. Ripoti ya uchunguzi iliyofanywa kwa miezi hufa msikilizaji asiposikia shahidi anasema nini kwa sababu jenereta inanguruma nyuma yake. Mafunzo mazuri ya sauti humfundisha fundi na mwandishi pamoja: kusogeza maikrofoni karibu na mdomo badala ya kuongeza nguvu ya kinasa sauti, kuacha kilele cha sauti karibu na desibeli 12 chini ya sifuri ili isikwaruze mtu anapopandisha hasira, kurekodi walau nusu dakika ya sauti ya mahali penyewe kabla ya kuondoka, ambayo baadaye itaziba pengo wakati wa kuhariri, na kuhifadhi rekodi ya asili katika WAV, faili isiyobanwa, kabla ya kuigeuza MP3, faili ndogo ya kutuma kwa simu. Rekodi ya asili ina kazi nyingine pia: siku mtu atakapokana maneno yake, hiyo ndiyo ngao ya redio.

Kwako wewe tungependekeza pia upande wa umeme na mitambo ya kurushia matangazo, hasa kuunganisha mnara na ardhi kwa waya ili kuukinga na radi. Mafundi wa Katanga wanajua msimu wa mvua unavyounguza mitambo. Chuo cha ufundi wa umeme kitakufaa katika hilo kuliko shule ya uandishi. Na barua ya mwaliko ijayo ikifika, mwombe mkurugenzi apendekeze majina mawili, la mwandishi na lako, kwa habari moja mtakayoifanya wote.

SWALI: Ninaongoza redio ya jamii Kolwezi. Nimemlipia kijana mafunzo, amerudi, na muda si mrefu kampuni ya madini imemchukua kwenye ofisi yake ya mawasiliano. Kwa nini niendelee kuwalipia?
Mama mkurugenzi, Kolwezi

JIBU: Mama, uchungu wako tunauelewa, na hatutakuambia kuwa haitatokea tena. Kampuni ya madini inalipa kwa mwezi kile ambacho redio ya jamii haiwezi kukilipa, na kijana mwenye familia hawezi kulaumiwa kwa kukubali. Hata hivyo, kuacha kuwafunza watu kunakuachia wale wasioweza kuisoma ripoti ya kampuni hiyohiyo iliyomchukua mwenzao, na wasikilizaji wako wanaishi kandokando ya migodi yake.

Tunachoweza kukushauri ni kufanya ujuzi usikae kichwani mwa mtu mmoja. Wapeleke wawili kila inapowezekana. Anayerudi awafundishe wenzake katika kikao cha kila juma, akitumia habari ambazo redio inaziandaa wakati huo, na majedwali, namba za vibali na orodha ya watu wa kuulizwa vibaki katika kompyuta ya redio, si katika simu yake. Halafu kuna mkataba: ni haki kabisa kumtaka anayelipiwa abaki kwa muda unaolingana na gharama, au arudishe sehemu ya fedha akiondoka mapema. Usimfunge kwa miaka mingi, kwa maana mtu aliyefungwa hafanyi kazi ya uchunguzi kwa moyo. Mkataba huo uandikwe na kutiwa saini kabla ya safari, uonyeshwe kwa mtu anayejua sheria ya kazi, na nakala moja abaki nayo yeye mwenyewe.