Miguu ya baba yako

Mwanangu Salim,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza eti hizo prednisolone, vile vidonge vya steroidi anavyopewa kwa ugonjwa wake wa mapafu, ndo zimemmaliza baba yako miguu, na kama tumwachishe. Kuachisha ghafla hapana kabisa, mtu akishazimeza muda mrefu mwili unazembea kutengeneza homoni yake wenyewe, ukizikata tu anaweza kuanguka. Kupunguza apange daktari. Ila mi ningependa uniulize nani alimzoesha kiti.

Unakumbuka sendofu ya Zuhura, MC alivyoita wazazi waserebuke mpaka kwenye keki? Baba yako akashika sofa, yale masofa ya ukumbini ya chini sana, akajisukuma, magoti yakagoma, akajisukuma tena. Na wala hakuwa anahema, pumzi ilikuwepo, mapaja ndo hayakuwepo. Baba yako mkubwa akamshika bega, "kaa mdogo wangu, usijichoshe", watu wakapiga makofi kwa upendo, nami nikaenda kwenye keki peke yangu huku natabasamia kamera. Zile picha mpaka leo siziangalii. Toka siku ile akawa mtu wa kukalishwa, maji analetewa, rimoti analetewa, hata msikitini wakaanza kumwambia we sali nyumbani mzee.

Miaka yote wodini nilikuwa nasema na sasa narudia, mgonjwa wa mapafu ukimkalisha umemmaliza miguu. Anatembea anahema, anaogopa kuhema, anapunguza kutembea, mapaja yanasinyaa, na paja lililosinyaa linachoka mapema na kumwaga asidi kwenye damu, ndo anahema zaidi kwa ngazi zile zile za jana, basi anapunguza tena. Mikono yake si bado ina nguvu? Kwa sababu anaitumia. Alafu kuna hili la nyuzi za misuli, zipo za kuvumilia na zipo za nguvu ya haraka ambazo zinachoka upesi. Kwa wagonjwa hawa za kuvumilia zinapungua mapajani, lakini kwenye kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, zinaongezeka, maana wenyewe hauna siku ya kukaa. Mtu ni yule yule, damu ile ile, dawa zile zile!

Sasa nikisema ni kiti peke yake nitakuwa nadanganya. Mapafu yake yana makovu ya ile TB na sigara za wakati yuko korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge, na mapafu ya hivo yanaachia kemikali za uvimbe zinazozunguka mwilini na kumega nyama. Oksijeni ikishuka misuli inaumia. Kupumua kwenyewe kunamla nguvu, na akila anahema, anaacha sahani nusu, sasa misuli itajengwa na nini? Na prednisolone nazo zimo, hujakosea, zinapiga hasa mapaja na nyonga. Dozi fupi ya siku 5 sio sana, ila yeye kila kifua kikibana anapewa, zinajumlishana, na kila akilazwa anatoka amepungua. Tena wapo ambao mapaja yameisha ugonjwa ukiwa bado mwepesi. Karibu mtu 1 kati ya 3 wenye ugonjwa sugu wa mapafu ana mapaja dhaifu, hao wote hawakukalishwa na shemeji zangu. Haya, nimekubali. Lakini katika yote hayo kiti ndo kitu pekee tunachoweza kukiondoa sisi wenyewe, leo, bila cheti cha daktari.

Dada wa mazoezi alimwanzishia kuinuka na kukaa kwenye kiti cha jikoni, mara 5, anapumzika, anatoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, anarudia, na akasema tusitegemee kitu kabla ya wiki 6 mpaka 8. Juzi kainuka bila kushika popote akaniangalia kama kijana. Mayai, dagaa na maharage nampa kidogo kidogo mara nyingi, sahani kubwa inambana.

Kuhusu baba yako mkubwa... anampenda mdogo wake, hilo najua, sitaki kusema amekosea. Nikianza nitasema mengi. Anakuja sikukuu ya Idi. Wewe anakusikiliza, mpigie mapema umwambie chakula cha baba yako kisipelekwe sebuleni, atakuja mezani mwenyewe.

Mama