Maswali na Majibu: Uanaume kwenye Jukwaa la Ujerumani Baada ya Vita

Swali: Mwalimu, naomba muhtasari wa Hinkemann, tamthilia ya Mjerumani Ernst Toller. (Mwanafunzi, Morogoro)

Maombi ya muhtasari yamenichosha. Isome, kisha uje na swali.

Swali: Hinkemann amerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amehasiwa na risasi. Je, Toller anasema huyo si mwanamume tena? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, na wanaosoma hivyo wameishia kwenye jeraha. Rudi mwanzo: mama mkwe amempofusha ndege kwa sindano ya moto, eti kipofu huimba vizuri zaidi. Aliyetoka kwenye mahandaki ya vita anaumia moyo kwa ajili ya ndege! Halafu njaa inampeleka kwenye maonyesho, anang'ata panya shingo na kunywa damu, watu wanalipa kumtazama “shujaa wa Kijerumani”. Hata hilo analistahimili. Kinachomvunja ni uongo wa rafiki yake Grosshahn, aliyetembea na Grete, mke wa Hinkemann, kwamba Grete alimwona mumewe pale akacheka. Toller alijitolea vitani mwaka 1914, akaiandika tamthilia hii gerezani. Alijua watu wanavyomshangilia askari akiondoka na wanavyomkwepa akirudi hajakamilika. Januari 1924, ilipochezwa mjini Dresden, wazalendo wakali walifanya fujo ukumbini. Nanyi mnaotaka kuigiza kipande cha panya ili watu wacheke, acheni. Mtakuwa mmefanya kazi ya Grosshahn.

Swali: Kragler, askari katika tamthilia ya Bertolt Brecht, Trommeln in der Nacht (Ngoma Usiku), katoka Afrika. Ni Tanganyika? (Msomaji, Tabora)

Usiitafute Tabora humo. Afrika ya Brecht ni mahali mtu anapopotelea, akirudi wanamwona mzuka.

Swali: Kragler huyo si mwoga? Anawaacha wanamapinduzi, anakwenda na mchumba mwenye mimba ya mwingine.

Mwoga kwa nani? Ametoka miaka minne utekani, mnataka afe tena ili mfurahi. Mwaka 1922 kumwonyesha mwanamume anayechagua kitanda badala ya bunduki kulihitaji ujasiri. Mwenye hatari ni Galy Gay wa Mann ist Mann (1926), tamthilia nyingine ya Brecht: mchukuzi anaaga mkewe akanunue samaki, askari watatu wanamrubuni, anaishia kuwa askari mwenye jina la mtu mwingine. Hajui kusema hapana. Huyo mwogopeni.

Swali: Mbona wote ni wanaume?

Kwa sababu walimu wenu hawawapi tamthilia za mwanamke Marieluise Fleißer. Katika Pioniere in Ingolstadt yake, askari wanakuja mjini kujenga daraja. Berta, mtumishi wa ndani, anampenda Korl, naye anamwambia wazi kwamba hana mapenzi ya kumpa. Kwa wenzake ubabe wa Korl ni sifa. Fleißer anatuketisha upande wa Berta. Ilipochezwa Berlin mwaka 1929 palizuka kashfa kubwa, na kwao Ingolstadt wakamwandama mwandishi, si askari. Daraja likaisha, askari wakaondoka, Berta akabaki.