Wachapishaji 36 sawa, ila hela ilitoka wapi?

Juzi kopi ya mwisho kati ya zile 500 za kitabu changu imepanda boda kwenda Mbagala, nikapiga picha nikaitupia stetasi, na boda hajafika hata Mtoni DM ikaingia, binti ananiuliza, "Dada shikamoo, mswada wangu umekataliwa mara mbili, niendelee au niache? Maana Arianna Huffington alikataliwa mara 36 na hakuacha."

Marahaba mdogo wangu. Hiyo stori naijua mpaka naiota, nilikuwa nimeibandika ukutani kipindi naanzisha onlaini TV yangu. Mama wa Kigiriki, kazaliwa Athens 1950, kasoma Cambridge, kitabu cha kwanza kikauza vizuri, cha pili wachapishaji 36 wakakigomea. Hapo ndo wahamasishaji wetu wanakata, wanarukia 2005 alipoanzisha tovuti ya habari ya Huffington Post na wenzake, halafu 2011 ikauzwa kwa AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, kwa dola milioni 315, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani na nauli ya kukopa.

Sasa kipande cha katikati mwenyewe hukisimulia. Hela zilimwishia, anatembea mtaani London, akaona benki, akaingia kuomba mkopo na dhamana hana, na meneja akampa! Ndo maana kila sikukuu za mwisho wa mwaka akawa anamtumia kadi.

Mimi pia niliingia benki, hapa hapa Dar. Kaka wa mikopo akauliza, "Hicho kitabu ni cha shule?" Nikasema hapana. Akauliza hati ya nyumba. Nikasema nimepanga. Akafunga faili taratibu kabisa kama anafunika maiti.

Na wakati huo TV nilishaipoteza. Kamera yangu, sauti yangu, luku nanunua mimi, ila imeili iliyofungulia chaneli ilikuwa ya mwenzangu, tulipokosana akabadilisha paswedi na vipindi vya miaka mitatu vikaenda hivyo hivyo. Nilikuwa naediti mpaka saa tisa usiku jamani. Arianna naye 2007 alizimia kwa uchovu, akajigonga kwenye meza akavunjika mfupa wa shavu, ila alipoamka kampuni bado ipo, mimi niliamka sina hata logo. Naongea bila kinyongo (nadanganya, kinyongo kipo).

Kwa hiyo ushauri wangu: imeili iwe yako. Sio ya mchumba, sio ya binamu anayejua kompyuta. Yako. Na namba ya simu ya kurudishia akaunti iwe yako. Imeili nimeshasema?

Halafu hela. Mimi kilichoniokoa ni kikoba. Walinikopesha milioni mbili na nusu, nikafuatilia ISBN (ile namba ya kutambulisha kitabu) Maktaba Kuu, nikaprinti, nikauza elfu kumi na tano kwa kopi, hapo katikati kuna mwaka mzima wa kubeba maboksi siwachoshi. Lakini wanawake wenzangu tunapenda sana kuambiwa tuwe majasiri, na ujasiri mwenye mashine ya kuprinti haupokei! Acheni kushinda mnalaiki maneno ya matajiri, nendeni vikaoni, lipeni marejesho kwa wakati, mjulikane kwa uaminifu kabla hamjawa na shida. Mimi nililipa marejesho miaka minne hata kitabu sijakiwaza, na ndicho walichokitazama siku ile.

Aliyenitetea kikaoni wenzake wakiguna ni mweka hazina wetu, mama anayeuza vitenge. Nikampa kopi ya kwanza kabisa nimeisaini. Hajaisoma mpaka leo, iko kabatini na vikombe vya wageni, na kila Idi nampelekea mchele kilo tano.

Wewe binti, nitumie kurasa kumi za mwanzo nizione. Na uniambie kikoba chenu kinakaa siku gani.