Kabla ya kusema ufa wa Europa umeteleza

Picha za Europa, mwezi wa Mshtarii, zimejaa mistari, na wengi hukimbilia kuichora. Angalia kwanza jua lilitokea upande gani na pikseli moja ni mita ngapi. Mstari uliolala sambamba na mwanga huweza kupotea kabisa, hivyo chati ya mielekeo inayotokana na mwanga wa upande mmoja inaweza kukuonyesha jua badala ya nyufa. Tena antena kuu ya Galileo, chombo cha anga kilichopiga picha za Europa, haikufunguka, kwa hiyo picha za karibu ni chache. Kwenye zile za mbali, matuta mawili pacha huonekana kama mstari mmoja. Usihesabu mistari ya picha za karibu na ya zile za mbali pamoja.

Picha zisafishwe kwa ISIS, programu ya bure ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani), kisha mistari ichorwe kwenye QGIS, programu ya ramani. Weka nusu kipenyo cha Europa, kilomita 1,560.8; ukipima kwa digrii huku programu ikidhani uko duniani, kila urefu utatoka takriban mara nne ya ule wa kweli. Karibu na ncha tumia projeksheni (namna ya kulaza tufe kwenye ramani) ya stereografia, maana ramani ya mstatili huvuta mashariki-magharibi mara mbili ukifika latitudo 60.

Kuteleza, yaani pande mbili za ufa kupishana, ndiko kunakopotosha watu zaidi. Mstari wa zamani uliokatwa na vipande vyake kupishana si ushahidi wa kutosha. Ufa ukipanuka tu, mstari ulioukata kwa mshazari nao utaonekana umehama. Tafuta mistari iliyoinama pande zote mbili: kwa upanukaji mtupu itahama kinyume, kwa utelezaji mtupu yote itahama upande mmoja kwa kiasi kilekile. Kisha kata picha kwenye kingo za ufa, ondoa barafu mpya ya katikati, na usogeze mpaka mistari mingi ikutane. Kwa mfano, Astypalaea Linea, ufa wa Europa wenye urefu wa zaidi ya kilomita 800, hurudi takriban kilomita 40. Mstari uliopita juu ya ufa bila kukatika ni mdogo kwa umri. Uliohama kidogo kuliko wenzake huenda ulizaliwa ufa ukiwa bado unatembea.

Hesabu za mikazo ya kujaa na kupwa, inayoletwa na mvuto wa Mshtarii na kujirudia kila saa 85, zije mwisho. Ganda la barafu linaweza kuwa limezunguka haraka kuliko kiini, kwa hiyo inaruhusiwa kusogeza longitudo ya ufa, ila ukiusogeza kila ufa peke yake, karibu wowote utapata mkazo unaolingana nao. Nyufa za rika moja zisogezwe pamoja.