Kumpeleka mgeni kwenye daraja la Ruzizi, Bukavu
Dada, umeuliza kama unaweza kumpeleka shemeji yako aone daraja la Ruzizi na kupiga picha. Kuona, sawa. Picha, hapana! Lile ni daraja la mpaka wa Kongo na Rwanda. Ukiinua simu tu, askari wanaweza kukuita.

Kama anapenda mto wenyewe, mwonyeshe unapotoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ukianza kuteremka kwenda Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi. Ndiyo maana maji yale yana nguvu ya kuzalisha umeme.

Akitaka kuvuka, abebe pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Habari za viza aulize uhamiaji. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, msitegemee taratibu za zamani. Waulizeni kwanza mama wa biashara wanaovuka kila asubuhi.