Kwa unayeanza usanifu wa tovuti kama fani ya pili

Nilisoma historia kama fani kuu na usanifu wa tovuti kama fani ya pili. Kama nawe umechagua mchanganyiko wa aina hiyo, kuna mambo ambayo ningefurahi sana kama mtu angeniambia wiki ya kwanza.

Usidanganywe na uchache wa vipindi. Saa za insha niliweza kuzikadiria, lakini ukurasa unaokataa kukaa sawa haukadiriki. Jioni moja niliimaliza nikitafuta kwa nini nusu ya mitindo yangu haifanyi kazi, kumbe bano moja la CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, halikufungwa. Kazi ya tovuti ianze siku unayopewa, hata kama utaandika vichwa vya habari tu.

Hapo mwanzo, achana na violezo na maktaba za JavaScript, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Andika HTML, lugha ya kuunda ukurasa wenyewe, kwa mkono mpaka uelewe kwa nini kitufe kinaandikwa kwa button na si kwa div, kisanduku kitupu tu, iliyopakwa rangi. Mimi nililipuuza hilo. Muhula wa kwanza niliwasilisha ukurasa niliouonea fahari: maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, menyu inayoteleza vizuri, picha kubwa. Mwalimu hakusema lolote kuhusu sura yake. Alichomoa kipanya, akaniambia nijaze fomu yangu mwenyewe kwa kibodi peke yake. Nilibonyeza Tab, nikabonyeza tena, kitufe cha kutuma sikukifikia. Vitufe vyangu vyote vilikuwa div. Kisha akawasha programu ya kusoma skrini kwa sauti, inayotumiwa na wasioona, na pale penye picha ikatamka majina ya mafaili, kwa kuwa sikuandika alt, yaani maelezo ya picha kwa maneno, hata moja.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kuipenda fani hii kwa dhati, kwa sababu nilimwona mtu upande wa pili wa ukurasa. WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka uwiano wa utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5:1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake. Kijivu changu hakikufika hata 3:1. Kipimo hicho kinapatikana ndani ya zana za wasanidi kwenye kivinjari. Zizoee zana hizo mapema kuliko kitu kingine chochote.

Kwa mpangilio, jifunze flexbox na grid, njia mbili za CSS za kupanga vitu ukurasani. Angalia pia tarehe ya somo unalolisoma mtandaoni: grid iliingia katika vivinjari vikubwa mwaka 2017, na mafunzo mengi ya kabla ya hapo yatakufundisha kuhangaika na float, njia ya zamani, bila sababu. Anza na skrini ndogo, halafu ipanue. Na tumia Git, programu inayotunza matoleo ya kazi yako, tangu kazi ya kwanza. Utakapoharibu kitu, utarudi nyuma kwa dakika moja.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni hili: fani yako kuu ndiyo mtaji wako. Wenzangu wengi walijaza kurasa zao maneno ya Kilatini yasiyo na maana, zikapendeza. Mimi niliweka barua na tarehe nilizokuwa nikizisoma kwenye historia. Mara nikakutana na majina marefu yasiyotosha kwenye safu, tarehe zisizo na uhakika, picha zinazohitaji maelezo ya aya nzima. Mpangilio ulivunjika, nikalazimika kufikiri nini kitangulie na nini kisubiri. Kama unasoma biolojia, weka jedwali halisi la vipimo vyako. Kama ni sheria, weka hukumu yenye vifungu na rejea zake. Utapata matatizo ambayo hakuna kiolezo kilichoyatatua.

Kila unapomaliza kazi, andika aya mbili kueleza uamuzi mgumu uliofanya na sababu yake, uzihifadhi pamoja na mafaili. Mimi nilianza kufanya hivyo mwaka wa mwisho, na kazi za miaka iliyotangulia nilishindwa kuzieleza nilipoulizwa.